Mgeni Mfanyakazi: Sadaka au Deni?

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, katika bandari ya Baltimore huko Marekani, meli kubwa ya mizigo ilizimikiwa na umeme, ikashindwa kuongozwa, ikagonga nguzo ya daraja refu. Daraja likaanguka majini kwa nukta chache tu. Askari polisi walikuwa wamepata habari muda mfupi mbele, wakazuia magari pande zote mbili, na hivyo watu wengi wakaokoka. Lakini juu ya daraja walikuwako wanaume wanane waliokuwa kazini. Walikuwa wakitengeneza mashimo ya barabara saa za usiku, wakati magari ni machache. Hao hakuna aliyewahi kuwafikia. Wawili walipona, sita wakafa. Katika hao sita, wawili walikuwa watu wa Meksiko, wawili wa Guatemala, mmoja wa Honduras na mmoja wa El Salvador.

Habari hiyo niliisimulia jioni moja kwa wakristu waliobaki nje ya kanisa baada ya rozari. Papa mmoja, mzee wa baraza letu, akanikatiza: «Mwalimu, ngoja kidogo. Watu hawa walitoka kwao kwa kukimbia umaskini. Kumbe huko walikokwenda wakawa maskini tena, wakifanya kazi ya usiku katika baridi. Basi walipata nini?» Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia nitafikiri. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafikiri tangu siku ile.

Nchi zinazoitwa Amerika ya Kati ni saba, nazo zimekaa katika ule ukanda mwembamba wa ardhi uliopo kati ya Meksiko na Kolombia. Mwaka 1980 watu waliozaliwa huko na kukaa Marekani walikuwa kama 354,000. Mwaka 2021 walikuwa karibu milioni 3.8. Zaidi ya wanane katika kumi walitoka nchi tatu tu, yaani El Salvador, Guatemala na Honduras. Watu hawaachi makaburi ya baba zao kwa wingi namna hiyo kwa sababu ya tamaa tu. El Salvador ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe toka 1980 hata 1992, ikaua watu zaidi ya 75,000. Katika Guatemala vita ilidumu miaka 36, toka 1960 hata 1996, na watu 200,000 waliuawa au walipotea bila kuonekana tena. Kisha ikaja tufani kubwa ya Mitch mwaka 1998, iliyoharibu Honduras na Nikaragua. Matetemeko ya ardhi yalivunja nyumba za El Salvador mwaka 2001. Magenge nayo yakaanza kutoza watu kodi ya kuishi. Tena magenge makubwa kati ya hayo yalizaliwa katika mitaa ya Los Angeles, kati ya vijana wa wakimbizi, yakapelekwa El Salvador na vijana waliofukuzwa Marekani.

Nasi wakatoliki twamjua Askofu Mkuu Oscar Romero wa San Salvador, aliyepigwa risasi altareni tarehe 24 Machi 1980, na ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2018. Mwezi wa Februari wa mwaka ule ule aliofia alimwandikia Rais Carter wa Marekani barua, akimwomba asipeleke msaada wa kijeshi kwa serikali ya El Salvador. Msaada ulikwenda, ukaendelea kwa miaka mingi. Na huko Guatemala, mwaka 1954, serikali ya Marekani ilisaidia kwa siri kumwondoa rais aliyechaguliwa na watu, baada ya yeye kuanza kugawia wakulima mashamba, na kati ya mashamba hayo yalikuwamo ya kompani moja ya matunda ya Kimarekani. Nayasema haya kwa sababu mara nyingi huambiwa ya kwamba mgeni amebisha hodi katika nyumba isiyomjua. Nyumba ile ilimjua tangu zamani.

Sasa tulinganishe, maana ndivyo papa alivyotaka. Hesabu za Marekani za mwaka 2019 zaonyesha jambo la kushangaza. Katika watu mia wa Amerika ya Kati wenye umri wa miaka 16 na zaidi, 73 walikuwa kazini au wakitafuta kazi. Katika Wamarekani mia waliozaliwa kule, walikuwa kama 62. Wageni hao basi ndio wanaofanya kazi zaidi. Lakini mapato ya nyumba zao yalikuwa chini kwa karibu sehemu moja ya tano, wala nyumba zenyewe hazina watu wachache. Karibu wanne katika kumi hawakuwa na bima ya ugonjwa. Kwa Wamarekani wazalia asiyekuwa nayo hakufika mmoja katika kumi. Na katika nchi ile kulala hospitali siku tatu bila bima kwaweza kummalizia mtu akiba ya miaka mitatu.

Wengine watajibu: ni shauri la shule. Ni kweli kwa sehemu. Karibu nusu ya watu wazima waliotoka Amerika ya Kati hawakumaliza shule ya sekondari, na kwa wazalia ni chini ya mmoja katika kumi. Fundi asiye na diploma hulipwa kidogo kila mahali, hata kwetu. Sitaki kulikataa jambo hilo. Lakini shule haielezi yote, kama nitakavyoonyesha.

Tena, kumlinganisha mgeni na jirani yake Mmarekani peke yake hakutoshi. Papa aliuliza walipata nini, na kipimo cha mgeni mwenyewe ni kile alichoacha kwao. Mshahara wa chini kabisa wa sheria ya Serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, nao haujaongezwa tangu 2009. Wamarekani wenyewe hulalamika, na wana haki. Lakini saa mbili za mshahara ule hulingana karibu na siku nzima ya kazi ya shamba kule Guatemala, tena kwa yule anayelipwa kwa sheria, na wengi hawalipwi hivyo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa maskini katika vitabu vya Maryland na kuwa mwenye kujenga nyumba katika kijiji chake. Mwaka 2023 watu wa Guatemala waliotoka nje walipeleka kwao karibu dola bilioni 20, wa Honduras zaidi ya bilioni 9, wa El Salvador zaidi ya bilioni 8. Katika nchi hizo mbili za mwisho, fedha hizo zapita sehemu moja ya tano ya mapato yote ya nchi. Bati la nyumba, dawa ya bibi, karo ya mdogo wake, vyote vimetoka katika mikono ya mtu anayelala na wenzake sita katika chumba kimoja.

Lakini kuna bei ambayo haiandikwi katika hesabu yoyote. Mtoto hukua na nyanya yake, akimjua mama kwa sauti ya simu. Na huko Marekani kwenyewe huwa namna nyingine ya kushangaza: baba hana karatasi, mtoto aliyezaliwa huko ni raia. Katika meza moja mmoja ana haki ya matibabu, mwingine hana. Mmoja akigongewa mlango usiku hulala tena, mwingine hutetemeka. Watu hutaka kulinganisha wahamiaji na Wamarekani kana kwamba wanakaa katika vijiji viwili, na mpaka wenyewe umepita katikati ya sahani za chakula.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Katika jimbo la Iowa uko mji mdogo, Postville, wenye watu elfu mbili na kidogo. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama. Tarehe 12 Mei 2008 askari wa uhamiaji walikizunguka kwa magari na helikopta, wakawakamata wafanyakazi 389. Zaidi ya nusu walikuwa watu wa Guatemala, wengi wao wa kabila za Wamaya, ambao hata Kihispania ni lugha yao ya pili. Walipelekwa kufungiwa katika uwanja wa maonyesho ya ng'ombe katika mji wa Waterloo, na mahakama ikakaa hapo hapo, katika ukumbi wa kuchezea dansi, wakiletwa mbele ya hakimu kumi kumi. Wengi walihukumiwa miezi mitano kwa kutumia karatasi zisizo zao, kisha kurudishwa kwao.

Siku ile wake na watoto walikimbilia kanisa katoliki la Mtakatifu Brigida. Walilala juu ya viti vya kanisa. Baadhi ya mama walifunguliwa ili walee watoto, lakini walifungwa mguuni chombo cha kuwachunga. Hawakuruhusiwa kufanya kazi, wala hawakuruhusiwa kuondoka. Basi wangekula nini? Parokia ile ndogo iliwalisha, ikawalipia pango, kwa miezi na miezi. Ni tendo zuri, na naliheshimu sana.

Lakini tufikiri vizuri. Watu wale walikuwa wamekata nyama miaka kadhaa. Nyama ile ililiwa, faida yake iliingia mfukoni mwa wenye kiwanda, kodi zao zilikatwa kila juma. Siku ya kukamatwa, waliogharamia maziwa ya watoto wao ni wazee wa parokia, wenye kutoa dola tano tano katika kapu la sadaka. Na yule meneja mkuu? Alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 27, kweli, lakini ni kwa kosa la kudanganya benki. Mashtaka ya kuajiri watu wasio na karatasi yaliondolewa. Mwaka 2017 rais alikifupisha kifungo chake, akatoka. Katika jambo lile la karatasi, aliyeajiri na aliyeajiriwa walilivunja sheria pamoja, wakapata faida pamoja, na faida kubwa zaidi ilikuwa ya aliyeajiri. Aliyeadhibiwa kwa jambo hilo ni mmoja.

Twafundishwa ya kwamba serikali ina haki ya kulinda mipaka na kuweka masharti kwa wanaoingia. Kanisa halikatai. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu kuhama kuwa moja ya haki za binadamu, lakini hakusema mipaka ifutwe. Basi mtu akiniambia, «Wale walivunja sheria», sitamjibu ya kwamba sheria si kitu. Nitamwuliza ni nani aliyehitaji ivunjwe. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, vibarua wengi wa mashamba ya Marekani walipewa barua za kubeba mfukoni, zikisema ya kwamba kazi yao ni ya lazima kwa taifa. Wengi wa wenye barua hizo hawakuwa na ruhusa ya kukaa katika taifa hilo. Mchana alikuwa mtu wa lazima, usiku alikuwa mtu wa kufukuzwa.

Na deni ni la fedha kweli, si la maneno. Mwaka 2022 watu wasio na karatasi, wa nchi zote, walilipa kodi inayokadiriwa kuwa karibu dola bilioni 97. Zaidi ya bilioni 25 kati ya hizo ziliingia katika mfuko wa kuwalipa wazee pensheni, mfuko ambao wao wenyewe kwa sheria hawataonja. Mzee wa Kimarekani anayelalamika juu ya wageni akipokea pensheni yake ya mwezi, pengine ndani yake zimo dola za yule anayemkatia majani ya bustani.

Nisimsahau Mmarekani maskini, maana yeye pia ni ndugu. Husema: «Wageni wamenishushia mshahara.» Tazameni tena viwanda vya nyama. Katika miaka ya 1960 na 1970 mfanyakazi wa kiwanda cha nyama alilipwa kuliko wastani wa viwanda vingine, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilikuwa na nguvu. Katika miaka ya 1980 makompani yalihamisha viwanda toka miji mikubwa hata vijiji, yakavunja nguvu za vyama, mshahara ukashuka chini ya wastani. Ndipo wageni wakaja kwa wingi. Kwanza mshahara ulishushwa, kisha akatafutwa atakayeukubali. Kwa hiyo nadhani maneno ya Mmarekani yule yana ukweli ndani yake, lakini amemwelekea mtu asiye mwenyewe. Kinachoshusha mshahara ni woga. Mtu anayeweza kukamatwa kwa sababu ya kulalamika halalamiki. Kapita ajua, na mwenye kiwanda ajua. Mpeni mtu yule karatasi, ataanza kudai kama wengine, na jirani yake Mmarekani atafaidika naye. Siku hizi katika viwanda vya nyama vya Iowa wamo hata Wakongo wenzetu, waliokwenda kama wakimbizi na kupokewa kwa sheria. Kazi ni ngumu ile ile, baridi na kisu ni vile vile, lakini hao waweza kumwambia kapita, «Mkono wangu umeumia,» bila kuogopa kurudishwa.

Sheria yenyewe ilisaidia ubaguzi huo tangu zamani. Ile ya mwaka 1938, iliyowapa wafanyakazi wa Marekani mshahara wa chini na malipo ya saa za ziada, iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani. Wakati ule Wamarekani weusi wengi walikuwa katika kazi hizo. Wa mashamba waliingizwa katika mshahara wa chini mwaka 1966, tena si wote, na watumishi wengi wa nyumbani mwaka 1974. Malipo ya saa za ziada, sheria ile ya Serikali kuu haijawapa watu wa mashamba hata sasa. Wenye kazi hizo wamebadilika, kiti ni kile kile, na leo wengi waliokikalia ni watu wa Meksiko na Amerika ya Kati.

Seminarini tulifundishwa kutenga vitu viwili: haki, ambayo ni kumpa kila mtu kilicho chake, na mapendo, ambayo hutoa hata kisichodaiwa. Padri mwalimu wetu alirudia mara nyingi ya kwamba mapendo huanza pale haki imekwisha kulipwa. Naye Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha ya kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi yakiwa yamefanywa na mtu aliyebanwa na shida: kukubali kwake hakufanyi malipo madogo kuwa ya haki. Niliandika haya katika daftari, nikapata alama nzuri katika mtihani.

Kisha nilirudi nyumbani, nikaoa, nikawa katekista. Mwaka mmoja walifika kwetu watu waliokimbia vita ya milimani. Nilimpa mmoja wao kazi ya kulima shamba langu la maharagwe siku nne. Bei ya kijiji yajulikana na kila mtu. Mimi nilimpa nusu, naye alikubali upesi, maana alikuwa na watoto watano. Siku ya mwisho nilimwongezea kilo mbili za unga. Nilikwenda nyumbani moyo wangu ukiwa umefurahi kwa wema niliotenda. Mama watoto akaniuliza, akiendelea kuchambua mboga: «Ule unga ulikuwa zawadi, au ulikuwa mshahara wake?»

Kwa hiyo siandiki kumhukumu Mmarekani kana kwamba mimi ni wa namna nyingine. Dhambi hii haihitaji kiwanda. Yahitaji tu mtu mmoja mwenye shida na mwingine mwenye kujua kwamba anayo.

Jumapili iliyofuata nilimjibu papa. Nilimwambia: «Papa, wale watu wa daraja walipata mshahara. Kwa kawaida watu wa namna yao hupata kidogo kuliko jirani zao na kingi kuliko wangalipata kwao, na hicho kidogo hukigawa tena kwa watu wa nyumba mbili. Lakini swali lako ulilishika upande mmoja. Uliza pia wenye magari waliopita juu ya daraja lile miaka yote walipata nini kwao.»

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, maana nilikuwa nimemsimulia yote: «Basi, Mwalimu, anza na mtu wako wa maharagwe.»

Nilikwenda. Mwenyewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, nikamkuta mkewe mbele ya kibanda. Nikampa franga zilizobaki, nikamweleza ni za nini. Alizihesabu mbele yangu, noti moja moja, akazifunga katika pembe ya kitenge chake. Hakusema asante.